OCT4 katika seli shina: kusoma umbo lake, kisha kuipima bila kudanganyika

OCT4 ni protini inayotumika kutambua seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Seli zikipakwa kingamwili ya OCT4 na viini vikawaka kijani, wengi huandika "chanya" na kufunga daftari. Shida ni kwamba OCT4 ina sehemu kadhaa, na kila sehemu ina mtego wake. Kingamwili inayoshika mwanzo wa protini haisemi jambo lile lile na inayoshika mkia wake. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) zilizowekwa katikati ya jeni huokota hata nakala mfu, yaani zisizofanya kazi, zilizotawanyika kwenye kromosomu nyingine. Ndiyo maana kazi hii inaanza kwenye kompyuta, na bomba la pipeti linakuja baadaye.

Kwanza tuyaweke majina sawa. Jeni inaitwa POU5F1, nayo kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 6. Oct3, Oct4 na Oct3/4 ni protini moja. Maabara tofauti ziliieleza karibu wakati mmoja, mwaka 1990, na kila moja ikaipa jina lake. Kwa desturi OCT4 kwa herufi kubwa ni ya binadamu, na Oct4 ni ya panya.

Ni protini ya unukuzi, yaani hukaa juu ya DNA na kuchangia kuamua jeni ipi inakiliwa kuwa RNA na ipi inyamazishwe. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba kiinitete cha panya kisicho na Oct4 hufika hatua ya blastosisti (kijipira cha seli cha siku za kwanza) vizuri tu, ila seli za ndani, zile ambazo zingejenga mwili, hugeuka kuwa za aina ya kondo la nyuma. Mwaka 2006 Kazutoshi Takahashi na Shinya Yamanaka wakachukua seli za kawaida za panya, wakaziingizia Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, zikarudi kuwa seli shina. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu.

Chora ramani ya protini

Fungua hifadhi ya protini ya mtandaoni, UniProt, andika Q01860. Hiyo ni OCT4 ya binadamu, asidi amino 360. Ya panya, P20263, ina 352, kwa hiyo namba hazilingani moja kwa moja. Kwenye eneo la kushika DNA, namba za panya ziko nyuma kwa 7. Chukua karatasi, chora mstari mmoja mrefu, uugawe hivi:

1 hadi 137 ni mkia wa mbele. Huu ndio wenye kuita mitambo ya unukuzi. Umejaa prolini na glisini, hauna umbo la kudumu.

138 hadi 212 ni mkono wa kwanza, unaoitwa POUS.

213 hadi 229 ni kiungo cha kati, asidi amino 17 tu.

230 hadi 289 ni mkono wa pili, POUHD, ambao ni wa ukoo wa homeodomeni, umbo la kushika DNA lililomo katika protini nyingi.

290 hadi 360 ni mkia wa nyuma, nao pia unasaidia kuamsha jeni.

Mwanzoni kabisa mwa mkono wa pili kuna herufi RKRKR, asidi amino 230 hadi 234. Hizo ndizo kibali cha kuingia ndani ya kiini cha seli. Atakayeunganisha OCT4 na protini inayong'aa, au kuikata ili kupata kipande tu, akipoteza herufi hizo tano ataona mwanga ukizagaa kwenye saitoplazimu na kuhangaika kutafuta kosa kwenye hadubini.

Ramani hiyo ibandike ukutani mbele ya meza ya kazi. Utairudia kila unaponunua kingamwili au kuagiza praima.

Lifungue umbo

Programu ya ChimeraX, ya kutazamia maumbo ya molekuli, ni ya bure kwa matumizi ya kitaaluma, na kompyuta mpakato ya kawaida inaiweza. Ikishafunguka, andika chini kwenye mstari wa amri:

open Q01860 from alphafold
color bfactor palette alphafold

Umbo unaloliona limekisiwa na AlphaFold, halikupimwa. Rangi zinakuambia programu ilivyojiamini: bluu iliyokolea ni uhakika mkubwa, njano ni mashaka, rangi ya chungwa ni kubahatisha. Kwa OCT4 utaona mikono miwili ya bluu, na mikia miwili mirefu ya rangi ya chungwa iliyojizungusha kama uzi uliodondoka. Hapo wanafunzi wengi hukosea: wanapiga picha ya uzi ule na kuandika kwenye ripoti kwamba mkia wa mbele "unaizunguka protini". Hauizunguki. Programu haikujua pa kuuweka, ikauweka popote.

Sasa weka rangi zako mwenyewe na uchague kiungo:

color :138-212 cornflower blue
color :230-289 orange
select :213-229

Fungua dirisha la mfuatano, usome herufi zilizochaguliwa. Ziwe NNENLQEICKAETLVQA. Zisipokuwa hizo, umefungua faili la panya au umekosea namba. Kwa panya kuna S badala ya A katika nafasi ya kumi na moja ya kiungo, mengine yote ni yale yale.

Umbo lililopimwa kwa kristali liko kwenye faili 3L1P. Ni eneo la POU la Oct4 ya panya, molekuli mbili zikiwa zimekaa juu ya kipande cha DNA. Andika open 3l1p, kisha color bychain. Namba za asidi amino kwenye faili za kristali mara nyingi hazifuati za UniProt, kwa hiyo usichague kwa namba. Fungua mfuatano, tafuta NNENLQEIC, uanzie hapo.

Ukikipata kiungo, kitazame kwa karibu. Katika Oct1, ndugu yake OCT4, kiungo hakionekani kwenye kristali kwa sababu kinacheza-cheza. Katika Oct4 sehemu ya kiungo imejikunja ikawa helisi fupi, imekaa nje juu ya uso wa protini, wazi kwa protini nyingine kuja kuishika. Ile L ya tano, 217 kwa namba za binadamu, huitwa L80 katika makala za umbo kwa sababu wao huanza kuhesabu kwenye eneo la POU. Watafiti waliochapisha umbo hilo mwaka 2013 waliibadilisha L hiyo kuwa alanini, na Oct4 ikashindwa kugeuza seli za kawaida kuwa seli shina. Haikuvunjika, na iliendelea kuishika DNA. Kilichopotea ni uso wa kukutania na wasaidizi wake. Kwa hiyo anayetaka kuingiza lebo (kipande kifupi cha kuitambulisha protini), kwa mfano FLAG au HA, aiweke ncha ya mbele au ya nyuma. Kiungo akiache.

Geuza picha polepole utazame DNA ilivyoshikwa. Mkono wa kwanza uko upande mmoja wa ngazi, wa pili upande wa pili, mfano wa mtu aliyekumbatia nguzo. Kila mkono unachomeka helisi moja ndani ya mfereji mkubwa wa DNA na kusoma herufi nne.

Isome DNA kwa penseli

Neno linalosomwa na OCT4 ni ATGCAAAT. Mkono wa kwanza husoma ATGC, wa pili husoma AAAT. Sox2 hukaa jirani yake na kusoma neno la aina ya CATTGTT. Sox2 huingia kupitia mfereji mdogo na kuipinda DNA. Yakiunganishwa, neno refu ni CATTGTTATGCAAAT, herufi 15, na katika seli shina ndilo neno lenye maana kubwa zaidi kwa OCT4.

Jaribu kwenye jeni halisi. Kwenye promota (sehemu ya DNA inayotangulia jeni na kuiwasha) ya Nanog ya panya, jeni nyingine ya seli shina, takriban herufi 180 kabla ya mahali unukuzi unapoanzia, kuna mfuatano huu:

TTTTGCATTACAATG

Kwa haraka mtu atasema neno halipo. Usomee uzi wa pili: pindua mfuatano kutoka nyuma kwenda mbele, kisha badilisha A iwe T, G iwe C, na kinyume chake. Unapata CATTGTAATGCAAAA. Kata baada ya herufi saba: CATTGTA ni ya Sox2, ATGCAAAA ni ya Oct4. Herufi ya mwisho ni A badala ya T, na bado inafanya kazi. Mafunzo mawili yako hapo. Programu ya kutafuta maneno lazima itafute nyuzi zote mbili, na usiidai ifanane herufi kwa herufi.

Nafasi kati ya maneno mawili nayo huangaliwa. Kwenye kichochezi (kipande cha DNA kinachoongeza unukuzi) cha jeni ya Fgf4 kuna herufi tatu kati ya neno la Sox2 na la Oct4. Kwenye kile cha jeni ya Utf1 hakuna hata moja. Protini hizo mbili bado zinagusana, ila kwa nyuso tofauti. Anayetengeneza kipande cha DNA cha majaribio asiongeze wala asipunguze herufi za katikati kwa kufikiri ni pengo tu. Akiweka herufi moja au mbili za ziada, Sox2 inazungushwa kwenye ngazi, na mkutano unaweza usitokee.

Jambo la kukumbuka: ATGCAAAT si mali ya OCT4 peke yake. Oct1 hulisoma neno hilo hilo, na Oct1 iko karibu kila seli ya mwili. Ukifanya jaribio la jeli na dondoo ya seli, mstari mmoja utakuwa wa Oct1. Weka kingamwili ya OCT4 kwenye bomba moja uone ni mstari upi unaopanda juu.

Pale DNA ilipofungwa

Ndani ya seli, DNA haiko uchi, imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni, na vyote pamoja huitwa kromatini. Fungua 6T90 kwenye ChimeraX: ni nukliosomu, yaani furushi moja la DNA na histoni zake, iliyoshikwa na OCT4 na SOX2 pamoja, umbo lililochapishwa mwaka 2020. Tafuta mkono wa pili wa OCT4 juu ya DNA, hutauona. Ni mkono wa kwanza peke yake unaoshika, kwa sababu histoni zimeuziba upande ambao mkono wa pili ungekaa. SOX2 kwa upande wake imeipinda DNA na kuibandua kidogo kutoka kwenye histoni.

Hii ndiyo sababu neno nusu, ATGC peke yake, linaweza kuwa mahali halali pa OCT4 penye kromatini iliyofungwa. Ukichambua data za ChIP-seq (kipimo cha mahali protini ilipokaa kwenye DNA) na kutupa vilele, yaani mahali ilipokutwa kwa wingi, vyote visivyo na neno kamili la herufi nane, umetupa pamoja na vya kweli. Upande wa pili, kilele si ushahidi wa kazi. Kwenye uchunguzi wa mwaka 2005 wa seli shina za kiinitete cha binadamu, OCT4, SOX2 na NANOG zilikutwa pamoja kwenye promota za jeni zisizopungua 353. Baadhi ya jeni hizo zilikuwa zinanukuliwa na nyingine zilikuwa kimya kabisa.

Kiasi, si kuwapo tu

Mwaka 2000 Hitoshi Niwa na wenzake walitengeneza seli shina za panya ambazo kiasi cha Oct4 kinaweza kupandishwa na kushushwa. Walipoishusha, seli zikaelekea trofektodemu, zile za aina ya kondo la nyuma. Walipoipandisha, hata kabla haijafika maradufu, zikaelekea endodemu ya awali na mesodemu, tabaka nyingine za kiinitete. Ni katikati tu ndipo zilipobaki seli shina.

Tafsiri hiyo kwa lugha ya qPCR, kipimo cha kiasi cha RNA: maradufu ni mzunguko mmoja wa Ct, yaani hesabu ya mizunguko hadi ishara ionekane. Anayepima sampuli bila marudio matatu, na pipeti yake haijasahihishwa mwaka mzima, makosa yake yenyewe yanaweza kufika nusu ya mzunguko. Matokeo ya "OCT4 iko" yanabaki kuwa kweli, ila swali lenye maana halijajibiwa.

Kupaka rangi: vipimo na hatua

Maelezo haya ni ya seli shina za binadamu (iPS, yaani zilizogeuzwa kutoka seli za kawaida, au za kiinitete) kwenye sahani ya visima 24. Kingamwili inayotajwa ni kloni C-10, ya panya, iliyotengenezwa dhidi ya asidi amino 1 hadi 134. Angalia ramani yako: huo ni mkia wa mbele. Sababu ya kuichagua itaonekana chini.

Vioo vyembamba vya duara huleta picha nzuri, lakini makoloni ya seli shina hubanduka humo kama ngozi iliyoungua jua. Kwa anayeanza, sahani yenye sakafu nyembamba ya plastiki ya hadubini ni salama zaidi. Paka vitronektini, protini ya kushikishia seli, mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba, yaani karibu mikrogramu 1 kwa kisima. Panda seli 20,000 hadi 40,000 kwa kisima zikiwa na Y-27632 (dawa inayosaidia seli zisife baada ya kupandwa) mikromola 10 kwa saa 24 za kwanza, kisha iondoe. Badilisha maji ya kulishia kila siku, na upake rangi siku ya pili au ya tatu, makoloni yakiwa bado madogo.

Tayarisha mapema:

Paraformaldehaidi 4%. Gramu 4 kwenye PBS (maji ya chumvi yenye bafa) mililita 80, pasha hadi nyuzi 60, dondoshea NaOH tone kwa tone mpaka maji yawe maangavu, acha ipoe, rekebisha pH iwe 7.4, jazia hadi mililita 100, chuja. Fanya yote ndani ya kabati la kuvuta mvuke, ukiwa na glavu. Ukiwa na ampuli za 16%, changanya sehemu moja na tatu za PBS, usijisumbue. Gawanya, gandisha, na kila kichupa kikiyeyuka kitumike mara moja tu.

Bafa ya kuziba. PBS yenye seramu ya punda 5%, BSA (albumini ya ng'ombe) 1% na Triton X-100 (sabuni ya kutobolea utando) 0.1%. Kwa mililita 20: seramu mililita 1, BSA gramu 0.2, na mikrolita 200 za Triton iliyozimuliwa tayari kuwa 10%. Triton halisi ni nzito kama asali. Ukiivuta kwa pipeti moja kwa moja hutajua umeweka kiasi gani.

Kisha:

1. Ondoa maji ya kulishia, osha mara moja kwa PBS. Mimina pembeni mwa kisima, usilenge katikati.

2. Weka paraformaldehaidi mikrolita 300, dakika 15, joto la chumba. Zaidi ya nusu saa, mkia wa mbele unafungwa-fungwa na kingamwili inapungua nguvu.

3. Osha mara tatu kwa PBS, dakika 5 kila mara. Hapa unaweza kusimama: funga sahani kwa plastiki, iweke kwenye nyuzi 4, itakaa siku kadhaa.

4. Triton 0.3% kwenye PBS, dakika 15. OCT4 imo ndani ya kiini, na kingamwili lazima ivuke utando wa seli na wa kiini pia.

5. Bafa ya kuziba, saa 1.

6. Kingamwili ya kwanza, 1:200 kwenye bafa ya kuziba, mikrolita 250 kwa kisima, usiku mzima kwenye nyuzi 4. Visima 6 vinahitaji mililita 1.5 (viwili vya kulinganishia, vya kingamwili ya pili peke yake, vinapata bafa tupu). Tengeneza mililita 1.6 kwa mikrolita 8 za kingamwili, maana kisima cha mwisho daima hupungukiwa.

7. Osha mara tatu kwa PBS yenye Tween-20 0.1%.

8. Kingamwili ya pili, ya punda dhidi ya panya, 1:500, saa 1 gizani. Karatasi ya jikoni ya alumini inatosha.

9. DAPI (rangi inayoshika DNA) mikrogramu 1 kwa mililita, dakika 5. Osha mara mbili, bakiza PBS, tazama.

Visima vinne kati ya nane ni vya kulinganishia, na usivikate kwa kubana matumizi: viwili vya kingamwili ya pili peke yake, viwili vya fibroblasti za ngozi zilizopitia hatua zote. Fibroblasti hazina OCT4A, ile OCT4 kamili ya asidi amino 360. Zikiwaka, kila kitu kingine ulichokiona hakina thamani. Mwanga na muda wa kamera uwekwe kwenye visima hivyo kwanza, kisha usiguswe tena hadi mwisho.

Kingamwili igawanywe siku inapofika, mikrolita 10 kwa kichupa. Umeme ukikatika na friza ikayeyuka mara mbili tatu, chupa nzima haitaharibika kwa mpigo.

Unachotakiwa kuona, na yanayoharibika

Picha sahihi ni viini vinavyong'aa sawasawa, vikiwa na madoa meusi ya mviringo ndani yake. Hayo ni nukleoli. Saitoplazimu iwe karibu nyeusi.

Mwanga ukiwa kwenye saitoplazimu na kiini kikiwa hafifu, kwanza shuku Triton: haikufika au imeisha muda. Ikiwa Triton ni sawa, soma karatasi ya kingamwili uone inashika wapi. Seli za binadamu hutengeneza pia OCT4B, yenye asidi amino 265. Sehemu yake ya nyuma, asidi amino 225, ni ile ile ya OCT4A. Ya mbele ni nyingine kabisa. OCT4B hukaa zaidi kwenye saitoplazimu na haiwezi kuitunza hali ya seli shina. Kingamwili inayoshika mkia wa nyuma haiwezi kuzitofautisha. Inayoshika 1 hadi 134 inaona OCT4A peke yake, na ndiyo sababu ya C-10.

Katikati ya koloni kukiwa na giza na pembeni kukang'aa, usiandike bado kwamba seli za katikati zimebadilika. Koloni nene huzuia kingamwili. DAPI haitakusaidia kuamua, maana ni molekuli ndogo inayopenya popote. Paka kisima kingine kingamwili ya protini iliyomo katika kila kiini, kama lamini B1. Nayo ikiwa hafifu katikati, tatizo ni kupenya: panda makoloni madogo, ongeza Triton hadi dakika 30. Lamini ikiwa sawa kote, basi seli za katikati kweli zimepoteza OCT4.

Kinyume chake, pembeni hafifu na seli zilizotandazika kama chapati, viini vikubwa, kwa kawaida ni seli zilizoanza kubadilika. Hilo ni la utunzaji, na upakaji hauna hatia.

Seli zinazogawanyika zitakusumbua. Utaona kromosomu zimejipanga, na OCT4 imesambaa nje yake kana kwamba imefukuzwa. Kabla ya kuandika hivyo, jua kwamba paraformaldehaidi yenyewe inaweza kuleta sura hiyo: seli hai zenye protini za unukuzi zilizounganishwa na rangi, zikitazamwa bila kukazwa kwa paraformaldehaidi, zimeonyesha protini zikibaki kwenye kromosomu. Ziache seli hizo nje ya hesabu.

Kuhesabu kwa Fiji, programu ya kuchambua picha, ni rahisi: tenga viini kwa picha ya DAPI, tenganisha vilivyogusana kwa Watershed, toa vidogo mno kwa Analyze Particles, pima wastani wa OCT4 ndani ya kila kiini, kisha ondoa wastani wa visima vya kingamwili ya pili peke yake. Chora mgawanyo wote wa viini. Asilimia ya "chanya" peke yake huficha kundi la seli zenye nusu ya kiasi, na tumeshaona nusu inamaanisha nini.

qPCR na westani

POU5F1 ina eksoni 5 (vipande vinavyobaki kwenye RNA; vya kati yake vinavyokatwa ni introni), na jenomu ya binadamu imebeba nakala kadhaa zinazofanana nayo. Moja, POU5F1B, iko kwenye kromosomu ya 8 na hunukuliwa katika baadhi ya saratani. Nyingi ya nakala hizo hazina introni, kwa hiyo hila ya kawaida ya kuweka praima kuvuka introni haitoshi peke yake. DNA kidogo iliyobaki kwenye RNA inatoa bidhaa ya urefu ule ule. Tibu RNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokatakata DNA, weka kwa kila sampuli bomba lisilo na kimeng'enya cha kunukuu kinyume, na praima ya mbele iwe ndani ya eksoni ya 1, ambayo OCT4B haina. Mara ya kwanza unapotumia praima mpya, peleka bidhaa ikasomwe mfuatano.

Kwa seli za iPS zilizotengenezwa kwa kuingiziwa OCT4 kutoka nje, praima za ndani ya eneo la protini zinahesabu ya kwao na ya kuingizwa kwa pamoja. Weka praima kwenye eneo lisilotafsiriwa la mwisho, upande wa 3, kwa sababu vekta (kibebeo cha jeni iliyoingizwa) kwa kawaida haina kipande hicho. Kingamwili haina njia ya kutenganisha hizo mbili.

Kwenye westani (protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, kisha hutafutwa kwa kingamwili), OCT4A ina uzito wa kimahesabu wa karibu kilodaltoni 38.6, lakini mstari wake hutokea kwa kawaida karibu na 45. Mtu akiusubiri kwenye 38 ataukosa, au atauchukua mstari mwingine usio wake.

Ikionekana mahali isipotarajiwa

Kwa watu wazima, OCT4A ya kweli ni adimu sana. Katika hospitali wataalamu wa patholojia huitumia kutambua uvimbe wa seli za uzazi, kama seminoma, na huko ni kipimo cha kuaminika. Lakini ripoti za OCT4 kwenye damu, uboho au mafuta ya mwilini zimekuwa nyingi, na panya waliofutiwa Oct4 kwenye tishu za utu uzima, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007, waliendelea kutengeneza upya utumbo, damu na ngozi bila shida. Ukipata bendi ya OCT4 kwenye seli za uboho ulizokuza, fuata mpangilio huu: bomba lisilo na kimeng'enya, kisha mfuatano wa bidhaa, kisha C-10 kwa hadubini kando ya fibroblasti na seli shina halisi kwenye sahani moja. Ct ikiwa 34 na viini viko giza, unachokikuza ni nakala mfu ya kromosomu nyingine.